Wembe wa Ijumaa

Siku ya kumi na moja tangu Mzee Mayala akutwe amekufa kitini, Inspekta Mayige alisaini daftari la vielelezo, akachukua sanduku dogo la ngozi lenye nyembe sita, akavuka barabara kwa miguu kwenda kwa kinyozi.

Kesi yenyewe, ukiitazama kwa juu, ilikuwa imeshafungika. Marehemu alikuwa fundi mitambo mstaafu wa kinu cha kuchambulia pamba. Aliishi peke yake upande wa mashariki wa Bariadi, na mji mzima ulimjua kwa jambo moja: alikusanya nyembe za zamani za kukunja. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyingine alizipata kwa mapadri waliokuwa wanarudi kwao, nyingine kwa wenye maduka waliofunga na kuhama, nyingine kwa Mgiriki aliyekuwa bwana mkubwa wa kinu zamani. Hakuziweka ziwe mapambo. Alizinoa kwenye ukanda wa ngozi, alizipaka mafuta ya nazi zisishike kutu, na kila asubuhi alijinyoa kwa mojawapo. Ya thamani kuliko zote ilikuwa seti ya nyembe saba ndani ya sanduku moja, zenye mipini ya pembe, na kwenye mgongo wa kila wembe limechongwa jina la siku yake kwa Kiingereza.

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, jirani yake Mektilda alimpelekea maziwa kama kawaida. Alimkuta amekaa mbele ya kioo, taulo shingoni, uso umenyolewa, macho yamefumbwa. Alidhani amesinzia. Sanduku la nyembe saba halikuwepo mahali pake. Ilipofika saa sita mchana, polisi walilikuta chini ya kiti cha pikapu ya Dastan, kijana wakala wa kampuni mojawapo kati ya zile zilizoruhusiwa mwaka huo kununua pamba ya wakulima. Dastan alikuwa akimfuata mzee tangu Mei amuuzie seti hiyo, na mzee alikuwa akimjibu mbele za watu kwamba atazikwa nayo. Ndani ya sanduku mlikuwa na nyembe sita. Wa Ijumaa haukuwemo.

Mayige aliijenga hoja yake juu ya wembe huo. Mayala alikuwa mtu wa utaratibu. Wembe wa Ijumaa aliutumia Ijumaa. Kama huo ndio uliopotea, basi ndio uliokuwa mkononi mwake alipokufa, na kwa hiyo alikufa Ijumaa. Ijumaa jioni Dastan alionekana mlangoni kwa mzee, Mektilda mwenyewe alimwona. Mwili haukuwa na jeraha la maana, ila mto unaweza kuziba pumzi bila kuacha alama. Dastan akawekwa ndani.

Halafu, asubuhi hii ya siku ya kumi na moja, mwendesha mashtaka alilipitia jalada, akauliza swali moja tu. "Watu hunyoa asubuhi. Huyu wa kwako kauawa jioni. Taulo shingoni lilikuwa la nini?"

Mayige alilifunga jalada, akaenda kuchukua sanduku la nyembe.

Kibanda cha Mzee Malimi kilikuwa nyuma ya soko. Zamani palikuwa na foleni. Sasa vijana walinunua nyembe za plastiki dukani, wakajikwangua nyumbani na kutupa, na waliobaki walikuja na kiwembe chao mfukoni kwa hofu ya ukimwi. Malimi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anasikiliza redio. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu enzi za kinu, na mazikoni ndiye aliyeshika jembe la kwanza.

"Mwangaluka, namhala," Mayige alimsalimu kwa Kisukuma, kama wazee wanavyosalimiwa.

"Mwangaluka. Umekuja kunyolewa au kuuliza?"

"Nimekuja unifundishe kunyoa. Kwa wembe wa kukunja."

Malimi alimtazama kidogo, akazima redio. Hakuuliza sababu. Alichemsha maji kwenye jiko la mkaa, akaloweka kitambaa, akamfunika Mayige uso mpaka ngozi ikalainika. Kisha akazungusha brashi kwenye bakuli la sabuni, akampaka povu, akampa wembe wake mwenyewe, wa zamani, mwembamba kwa kunolewa.

"Unaushika kama panga," alisema. "Ushike kama kalamu. Anza kulia, uteremke. Usikandamize. Uzito wake unatosha."

Mayige alimaliza shavu la kulia polepole, jasho likimtoka. Alipohamia kushoto, mkono ukapita mbele ya uso wake, kioo kikamchanganya, akajikata chini ya taya. Mkato wenyewe haukuzidi unywele, lakini damu ilitiririka ndani ya povu, ikashuka mpaka kwenye kola.

Malimi alichukua jiwe la shabu, akalilowesha, akaligandamiza pale. "Usijali. Ndivyo inavyokuwa."

"Kila mara inatoka hivi?"

"Ngozi ikishapata maji ya moto, damu inakuja karibu. Mkwaruzo wa ukucha tu, shati limeharibika."

Mayige alijifuta uso nusu nusu, akatoa kijitabu chake mfukoni. Siku ile ya kwanza alikuwa amechora uso wa marehemu kwa penseli, kama alivyofundishwa chuoni, akaweka alama mbili za mikwaruzo na kuendelea na mambo mengine. Alimwonyesha kinyozi mchoro.

"Huu wa shavu la kulia ulikuwa na ungaunga mweupe. Nilidhani ni sabuni."

"Shabu hiyo," Malimi alisema. "Alijikata, akajipaka."

"Na huu wa kushoto, chini ya taya. Haukuwa na shabu. Ulikuwa wazi, safi. Na taulo upande huo halikuwa na tone la damu."

Malimi alikichukua kijitabu, akakisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Alikaa nacho muda mrefu.

"Mfu hatoki damu," alisema hatimaye.

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Basi kulia kajinyoa mwenyewe. Kushoto kanyolewa ameshakufa." Kinyozi alipitisha kidole juu ya mchoro. "Na angalia mkato ulivyolala. Umetoka sikioni unakuja kidevuni. Anayejinyoa hawezi kuvuta hivyo, kiwiko hakimruhusu. Huyu alisimama nyuma ya kiti, akakilaza kichwa kifuani kwake. Ndivyo tunavyowanyoa watu."

"Ulikuwa wewe, mzee?"

"Ningekuwa mimi nisingemkata," Malimi alijibu bila hasira. "Miaka yote tuliyojuana Mayala hakuniruhusu kugusa shingo yake. Alisema wembe wa mtu mwingine shingoni ni kitanzi. Ila alikuwa na kifua kibaya, hilo nalijua. Tangu Pasaka kilikuwa kinambana, akitembea mpaka sokoni anapumzika mara tatu. Nilimwambia aende hospitali, akasema atakwenda msimu ukiisha."

Mayige alifungua sanduku la ngozi, akaliweka mezani. Tundu la sita lilikuwa tupu.

"Niambie jambo moja. Mwizi angelichukua sanduku hili akaacha mmoja?"

"Kwa nini auache? Saba ni saba. Sita ni vyuma. Wale Wazungu wanaotembea Mwanza wakitafuta vitu vya zamani, ukiwapelekea sita watakuuliza wa saba uko wapi, halafu watapanda gari lao."

Swali hilo lilikuwa jepesi, na Mayige alijua kwamba alipaswa kujiuliza siku ya kwanza. Badala yake aliushika wembe uliokosekana akaufanya kalenda.

"Kuna mtu yeyote aliyewahi kumnyoa Mayala?"

"Mkewe."

"Mayala alikuwa na mke?"

"Nyanjige. Aliondoka mwaka wa themanini, akarudi kwa kaka zake, Nassa. Kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akimnyoa kila Jumapili kabla ya misa. Mkono mwepesi yule mama, kuliko wangu."

"Mbona hukuniambia?"

Malimi alianza kulikunja taulo. "Hukuniuliza, baba. Ulikuja hapa siku ile ukaniuliza kama Dastan alikuwa na ugomvi na marehemu. Nikakujibu ulichouliza."

Mahabusu, Dastan alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Siku kumi na moja zilikuwa zimemkondesha, na ndevu zilikuwa zimemwotea ovyo. Mayige aliagiza aletwe chumba cha maelezo, akamsogezea kiti.

"Nieleze tena habari za sanduku."

"Mara ya ngapi sasa, afande?"

"Mara ya kwanza. Zile zingine sikukusikiliza."

Dastan alimtazama kuona kama ni mtego. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo hilo hilo.

"Alhamisi mzee alinifuata kwenye ghala. Aliniambia, seti utaipata, sitaki hela yako. Nina mtu wangu Nassa, nataka lori lako likamchukue, lije naye mpaka mlangoni kwangu. Nikamwambia mzee, Nassa si mbali, utaniumiza bure, panda basi ukamfuate. Akasema mtu huyo hawezi kuja kwa basi, lazima apelekewe gari, ajue kwamba ametumiwa gari. Akanipa sanduku lenye nyembe sita. Wa saba alisema nitapewa lori likirudi."

"Alikuambia ni nani huyo mtu?"

"Hakuniambia. Alimwelekeza dereva wangu, Salu, pembeni. Salu aliondoka Ijumaa mchana. Tulitegemea jioni awe amerudi. Jioni nilikwenda kumwambia mzee lori bado. Nilimkuta nje, kavaa shati jeupe, kanyoa, kakaa anatazama barabara. Nikamwambia labda gari limeharibika. Akasema, atakuja tu. Nikaondoka. Alfajiri nilikuwa Sapiwi na mizani, watu zaidi ya hamsini wananiona. Mchana mkanikamata."

"Na Salu?"

"Jumamosi hiyo alipitiliza Maswa kupakia, akaenda Mwanza. Nasikia tajiri wa kampuni amempa njia nyingine sasa, Kahama huko. Haya yote nilikwambia siku ile ile. Nilikuona unaandika."

Mayige alifungua jalada. Ukurasa wa pili, pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno matatu: *Dereva Salu, atafutwe*. Hakuna aliyemtafuta. Siku ile, saa chache baada ya kuyaandika, alilipata wazo la wembe wa Ijumaa, akalipenda, na mengine yote yakawa ya ziada.

"Ni kweli," alisema. "Niliandika."

"Ghala langu wamelivunja, umesikia? Walisema ni la muuaji. Na kampuni imeshamweka wakala mwingine." Dastan alijikuna kidevu. "Msimu umeshaniacha, afande. Hata mkinitoa leo."

"Nitakutoa," Mayige alisema, "ila si leo. Nahitaji mtu mmoja kwanza." Aliona jinsi neno hilo lilivyomwingia yule kijana, akatamani angekuwa na jingine la kumpa.

Kesho yake asubuhi Landrova ya polisi ilipita Lamadi, ikashika barabara ya lami ya Mwanza, ikafika Nassa saa nne. Mayige alimwacha dereva barabarani akatembea mwenyewe, ili watu wasijae. Boma la kaka zake Nyanjige halikuwa mbali na ziwa. Uwanjani palikuwa na turubai lenye mpunga, na mwanamke wa miaka kama sitini, mwembamba, alikuwa anaugeuza kwa miguu, hatua moja baada ya nyingine, mikono nyuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba." Alimtazama viatu, akamtazama kola ya shati. "Wewe ni wa polisi."

"Naitwa Mayige. Natoka Bariadi."

"Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja mapema zaidi."

Aliingia ndani, akatoka na kigoda cha mgeni, na mkono wa pili ameshika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Alimpa Mayige vyote viwili kwa pamoja. Ndani ya kanga mlikuwa na wembe wenye mpini wa pembe. Mgongoni palikuwa pamechongwa jina la Ijumaa kwa herufi za Kiingereza. Bapa lake lilikuwa jembamba. Mtu alikuwa amelisaga kwa kazi ya miezi mingi mpaka makali mapya yakapatikana.

"Kabla hujasema lolote," Mayige alisema, "sidhani kwamba umemuua."

"Sijamuua."

"Najua. Ulimnyoa."

Nyanjige aliketi ukingoni mwa turubai, miguu ameinyoosha juu ya majani. Kwa muda alikuwa anachambua punje za mpunga zilizomng'ang'ania kisiginoni. Kisha akaanza kueleza bila kuulizwa, na Mayige akaacha kalamu itulie.

"Sisi hatukujaaliwa mtoto. Hilo liandike au usiliandike. Mwaka ule, jirani yetu alishikwa na uchungu usiku. Mtoto akatoka salama, ila mkunga hakuwa na kitu cha kukatia kitovu. Nikakimbia nyumbani. Sanduku lilikuwa wazi, nikashika wa kwanza ulionijia mkononi. Huo. Nikauchemsha, tukakata. Kwa haraka ulinidondoka juu ya jiwe la jikoni, ukapata pengo kwenye makali."

"Akakufukuza kwa hilo."

"Hakunipiga. Mayala hakuwa mtu wa kupiga. Aliushika hivi, akautazama, akaniambia, kama unapenda sana mambo ya wanaozaa, nenda ukaishi nao. Nikaenda. Nilidhani atanifuata wiki hiyo. Akawa anasubiri nirudi mwenyewe, nikawa nasubiri anifuate. Miaka kumi na minne, baba. Watu wa kwetu wakienda mnadani huko, nilikuwa nauliza kama yu hai. Nasikia na yeye alikuwa anauliza."

"Salu alifika hapa saa ngapi Ijumaa?"

"Saa kumi jioni." Alijibu upesi, kama mtu aliyelirudia jambo hilo moyoni mara nyingi. "Alinikuta hapa hapa. Akasema, Mzee Mayala amekutumia gari, anakuita, twende sasa hivi, saa mbili usiku tumefika. Nikamwambia siwezi, nimeanika mpunga, lala hapa, tutaondoka alfajiri."

"Mpunga ulikuwa mwingi?"

"Mpunga ulikuwa umeshaingia ndani. Hapa uwanjani hapakuwa na punje hata moja." Alipapasa turubai kwa kiganja. "Nilitaka asubiri. Nilisema, mimi nimesubiri miaka yote hii, na yeye asubiri usiku mmoja, asikie unavyokuwa. Nilimpikia Salu samaki, nikamtandikia. Mimi sikulala. Nilichagua nguo."

Waliondoka saa kumi alfajiri. Salu alikuwa na haraka ya kwenda kupakia Maswa, kwa hiyo alimshusha mwanzo wa njia inayoingia kwa mzee, saa moja kasoro. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Alibisha hodi, akaingia.

"Alikuwa amekaa mbele ya kioo, kainama. Upande mmoja umenyolewa, upande mwingine umejaa povu. Wembe ulikuwa sakafuni. Nikamwita kwa jina. Nikamshika bega. Nikajua."

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilimaliza kumnyoa kwanza. Nisingeweza kuacha watu waingie wamkute nusu, na yeye alivyokuwa mtu wa kujitunza. Nikasimama nyuma yake kama zamani. Mkono ulinitetemeka, nikamkata kidogo hapa." Aligusa chini ya taya yake. "Nikamwomba radhi, kama mjinga. Halafu nikamfumba macho, nikaosha brashi. Ndipo nilipougeuza wembe nikasoma. Sijui kusoma sana, lakini huo naujua. Nikapitisha kidole kutafuta pengo, halipo. Alikuwa ameliondoa." Alimtazama Mayige. "Nikauchukua. Huo ni wizi, najua."

"Ungeweza kuita watu baada ya hapo."

"Nani, mimi? Dada zake walikuwa wananisema tangu zamani kwamba nina mikosi, ndiyo maana sikuzaa. Sasa mwanamke aliyefukuzwa anaingia alfajiri, mwenye nyumba anafia kitini, na wembe mkononi mwangu. Nani angeniuliza mara mbili?"

Mayige alijua nani angekuwa zamu siku ile, na alijua asingeuliza mara mbili.

"Ulisikia kwamba kuna kijana amekamatwa?"

"Jumanne, mnadani. Nikasema watamwachia, hana kosa. Siku ya pili nikasema watamwachia kesho. Jumapili nikafunga mzigo wangu niende nikaseme mwenyewe, nikafika barabarani, mabasi mawili yakapita nimesimama. Nikarudi." Sauti yake ilishuka. "Ana hali gani?"

"Amekonda. Amepoteza kazi. Lakini hilo si lako peke yako, mayu. Aliniambia ukweli siku ya kwanza, nikauandika pembeni mwa karatasi."

Mtumbwi mmoja ulikuwa unaingia pwani ya ziwa, na watoto wa boma walikuwa wanaitana kwenda kuupokea. Mayige alijua kwamba kuna jambo moja mama huyu halijui, na kwamba kwa kazi yake halikuwa la lazima. Lakini baada ya dakika chache aliona kwamba kumficha kungekuwa ni wizi mwingine.

"Salu alikuambia lori lilipatikanaje?"

"Alisema ni la kampuni ya pamba."

"Aliyelituma ni huyo kijana aliye ndani. Mzee hakuwa na namna ya kulikodi, na hakutaka uje kwa basi. Alimpa sanduku. Zile nyembe zote. Akabaki na huo tu mpaka utakapofika."

Nyanjige aliupokea wembe kutoka mikononi mwa Mayige, akaufungua, akaufunga. Hakulia. Alikunja miguu, akajifunika magoti kwa kanga, akawa anatazama mpunga.

"Sanduku lote," alisema.

"Lote."

"Na Ijumaa jioni alikuwa wapi? Nieleze ukweli."

Mayige aliona shati jeupe, na kiti nje, na barabara. Alifungua kijitabu ili apate mahali pa kuweka macho.

"Mayu, daktari hana hakika na saa," alisema. "Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu Pasaka. Huenda alifariki Ijumaa jioni, hata kabla ya saa ambayo lori lingefika kwake. Kwa hiyo hata kama ungeondoka jioni ile ile, usingemkuta."

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza pole za jirani.

"Povu lilikuwa halijakauka, baba," alisema. "Na shavu lilikuwa na joto. Nililiegemeza hapa." Aligusa kifua chake. "Yule kijana, mnasema alimuua lini?"

"Ijumaa jioni."

"Na Jumamosi alfajiri alikuwa wapi?"

"Sapiwi. Watu hamsini walimwona."

"Basi ukiandika hivyo unavyosema wewe, atabaki ndani."

"Ndiyo," Mayige alikiri.

"Andika ninavyosema mimi."

Aliandika. Jina lake, umri wake kwa kukadiria, mahali anapoishi. Saa aliyofika Salu, mpunga uliokuwa ndani, nguo alizochagua. Saa aliyoshuka kwenye lori. Kiti, kioo, wembe sakafuni. Alipomaliza kurasa nne, alimsomea yote polepole kama sheria inavyotaka, naye akaitikia kwa kichwa kila sentensi, mpaka Mayige alipofika palipoandikwa: *Nilimgusa uso, ulikuwa bado na joto, na povu la sabuni lilikuwa bado bichi.*

"Soma tena hapo," alisema.

Mayige alisoma tena.

Ndipo aliponyoosha mkono, na Mayige akamshika kidole gumba, akakipaka wino, akakigandamiza chini ya maneno hayo.